Kadi ya Pale

Kaka yangu Lyamba anaikumbuka vizuri injini ya boti iliyomvunja mkono. Anakumbuka nani alimuuzia, ilifungwa na fundi gani, na mlio ilioutoa kabla ya kufa. Lakini mwanamke aliyembebea mtoto wake kanisani siku ya ubatizo hamkumbuki hata kwa dawa. Nampenda kaka yangu, ila siku ile sebuleni kwangu, mbele ya wakwe, nilitamani kumpiga na mwiko.

Mtoto mwenyewe ni Scolastica, sisi tunamwita Skola. Mama yake alifariki Skola akiwa bado mdogo, nikamchukua nikamlea hapa Mpanda, kwa hiyo ukisema mimi ni shangazi yake umesema nusu tu. Alikuwa ameposwa na Machibya, kijana wa Kasokola, mpole, mchapakazi, anayecheka kila Skola anachosema hata kama hakichekeshi. Mahari ilikuwa imeshazungumzwa. Tangazo la kwanza la ndoa lilikuwa limeshasomwa kanisani. Kilichobaki ni wakwe kuja kwangu, wale chakula, tupange siku.

Wakaja, Masele na mkewe Marsela. Masele ni Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe zake, na mkewe alimkuta na kumuoa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Nilipika migebuka, maana nilijua mtu wa ziwani akiishi Kasokola kwa mahindi na maharage huwa ana hamu ya samaki. Kweli mama wa watu alikula kwa raha, akaanza kusimulia jinsi alivyokuwa akiimba kwaya Karema kabla mumewe hajamhamishia shamba.

"Hata huyu Skola alibatizwa kwaya ya Karema ikiimba," kaka akadakia, akijitafutia sifa. "Ilikuja kigangoni kwetu kwa boti, pamoja na padre wa Kizungu. Mimi mkono ulikuwa umefungwa shingoni. Injini ilikuwa imenivunja."

Marsela akaacha kutafuna. "Kigango kipi, baba?"

Kaka akakitaja. Ni kigango kidogo cha mwambaoni, mbele ya Karema, kanisa la udongo lenye mlango unaotazama ziwa.

"Sikukuu ya Mtakatifu Skolastika?"

"Hiyohiyo. Ndiyo maana wasichana wote wa siku ile waliitwa Scolastica. Yule padre hakuwa mtu wa kuhangaika na majina."

Marsela akanawa mikono kabla hajashiba, nami nikajua kuna jambo. Akatusimulia. Wazazi wa kigango kile wengi hawakuwa na wasimamizi wa ubatizo, kwa sababu watu wazima wa pale karibu wote walikuwa wameoana kienyeji na padre hakuwakubali. Padre akaigeukia kwaya, akanyoosha kidole: wewe, wewe na wewe. Marsela alikuwa mmojawapo. Akapewa mtoto wa kike, akambeba hadi kwenye maji, akamkataa shetani kwa niaba yake, na mtoto akamshukuru kwa kumkojolea gauni jeupe. Jioni boti ikairudisha kwaya Karema. Wazazi wa yule mtoto hakuwafahamu wala hakuwaona tena.

"Ninalolijua ni jina tu," alisema. "Scolastica. Kila mwaka siku hiyo namwombea. Niliposikia mchumba wa Machibya anaitwa hivyo nilifurahi sana." Akamgeukia kaka yangu. "Baba Skola, nani alimbeba mtoto wako?"

Wote tukamtazama Lyamba.

"Mwanamke wa kwaya," akasema. "Alikuwa na kilemba."

"Wote tulikuwa na vilemba!"

"Basi alikuwa mmojawapo."

Mwiko ulikuwa palepale kwenye sufuria. Niliuangalia, nikajizuia.

Wapo watakaosema hayo ni mambo madogo. Padre wetu wa parokia naye alisema hivyo, kwa upole, tulipomwendea kesho yake. Alitueleza kwamba sheria ya kanisa haikatazi mtu kumuoa mtoto wa ubatizo wa mama yake. Marsela alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho. "Padre, sheria nimeielewa," akamwambia. "Lakini nilisema mbele ya Mungu kwamba huyu ni mwanangu. Sasa nimwoze kwa mwanangu mwingine?" Masele akaongeza kwamba kwao ndugu ni ndugu, iwe ni kwa damu au kwa maji, na ng'ombe zake hazitatoka zizini kwenda kuozesha kaka na dada. Padre akaona hapa sheria haitasaidia. Akasema tangazo la pili atalisoma, lakini la tatu hatalisoma mpaka familia zote mbili zije kwake zimekubaliana. Mwisho wetu ukawa Jumamosi ya kabla ya tangazo hilo.

Machibya siku ile hakucheka. Skola alinisaidia kuosha vyombo, akakiosha kikombe kimoja mpaka nikamnyang'anya.

Nikampigia simu mzee Rafaeli, katekista wa kile kigango tangu enzi hizo, anayeishi hukohuko hadi leo. Nilimuuliza kitabu cha ubatizo kinasemaje. Akaenda kukitazama, akarudi. Kwenye nafasi ya msimamizi, kwa watoto wote wa siku ile, aliandika neno moja: mwanakwaya.

"Mzee Rafaeli!" nikafoka. "Hukuona haja ya kuuliza majina?"

"Boti ilikuwa inaondoka, mama," akasema, hana hata wasiwasi. Kisha akaongeza, kama mtu anayekumbuka kitu kisicho na maana: "Lakini ipo ile kanda."

Kumbe padre alikuwa na mgeni, ndugu yake kutoka Uholanzi, aliyekuja na kamera ya video. Alirekodi misa ile, na alipofika kwao akaituma kanda kama zawadi kwa waumini. Zawadi nzuri, isipokuwa kigango hakikuwa na umeme, wala deki, wala runinga. Rafaeli aliiweka kwenye sanduku la mishumaa. Imekaa humo miaka yote, na hakuna aliyewahi kuiona hata mara moja.

Aliituma Mpanda na gari la dagaa. Ilinifikia inanuka dagaa, na ukipitisha macho kwenye kidirisha chake unaona ukungu mweupe umetanda juu ya utepe. Nilifungua kasha nikaufuta taratibu kwa pamba na spiriti, nikijua kwamba utepe wa namna hiyo ukipita mara moja au mbili kwenye deki, mara ya tatu haipo.

Niseme kwamba kazi hii naijua. Studio yangu iko karibu na stesheni, na marehemu mume wangu Josephat aliijenga kwa kuhamisha harusi za watu kutoka kanda kwenda kwenye sidii. Deki yake ninayo, na ile kompyuta yake ya zamani ninayo. Kwanza nilijaribu runinga kwa kanda chakavu ya harusi, nisiichoshe ile ya Rafaeli. Lakini runinga hizi za siku hizi, bapa, zikipewa picha inayotetemeka kidogo tu zinasusa, zinakuonyesha skrini ya bluu. Kile kidude kidogo cha kuingizia video, cha kuchomeka pembeni ya laptopu, nacho nilikiazima, bluu ileile. Runinga iliyokuwa inavumilia picha mbovu ni ile ya chogo, na chogo ya mwisho ninayoijua mtaani kwetu ni ya jirani yangu Lucia. Aliing'oa matumbo, kuku wake anatagia humo.

Ikabaki kompyuta ya Josephat. Yenyewe ilikuwa na kadi ya picha ya kazi hiyo hasa, yenye tundu la njano la kuingizia video kutoka kwenye deki. Lakini radi ya masika iliyopita iliipiga kadi, ikaiacha kompyuta yenyewe ikiwa nzima. Kadi za kisasa haziingii kwenye nafasi yake, na hata zingeingia hazina tundu la njano. Nilikuwa nimekata tamaa. Kaka yangu akaniambia, "Dada, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," jambo la busara pekee alilosema mwezi ule.

Nikampata muuzaji wa vifaa vya mtumba Kariakoo, mtu wa maneno mengi. Akanitumia picha kwenye WhatsApp: amesimama mbele ya kabati, ameshika kadi moja mkononi, na nyuma yake juu ya kabati kuna nyingine. Nikampigia. Mtandao siku ile ulikuwa unakatika, nami nilikuwa na haraka.

Jambo moja nililijua, maana Josephat alilirudia hadi likanikaa. Nchi hazipeleki rangi ya picha kwa namna moja. Ulaya na huku kwetu tunatumia namna inayoitwa PAL. Marekani na Japani wana yao, NTSC. Kadi ya huko ukiipa kanda ya huku itaona mwanga na giza, lakini rangi haitazielewa, itaziruka. Kwa hiyo nilimkazia yule bwana.

"Nataka ya PAL," nikamwambia.

"Ya pale?"

"Ndiyo, ya PAL. Nyingine sitaki."

"Ya pale, siyo hii?"

"Sijui hiyo ni ipi, mimi nataka ya PAL!"

"Haina shida mama, ya pale. Tunaelewana sana."

Tukaelewana hivyo. Kadi ikapakiwa kwenye basi, nikaenda kuichukua stendi, nikaifunga mwenyewe. Kompyuta ikaikubali mara moja. Nilifurahi kiasi kwamba sikusoma kilichoandikwa mgongoni mwake, nikawaita watu wote waje kwangu.

Walikuja wakwe, akaja Lyamba, Machibya na Skola wakakaa mwisho wa benchi wameacha nafasi katikati yao. Nilifunga mapazia. Kabla sijabonyeza, Marsela akatupa jambo la maana. Kwaya ya Karema, alisema, wakati ule wote walivaa magauni meupe, lakini vilemba vilitofautiana. Sauti ya kwanza walifunga vya kijani, sauti ya pili vyekundu. Yeye ameimba sauti ya pili maisha yake yote. Nani asiyejua, mwanamke akikusalimia tu unasikia ngoma.

"Basi imeisha," Machibya akasema. "Tukiona kilemba tumejua."

Nikabonyeza. Picha ikaja, na moyo wangu ukashuka hadi kwenye kandambili.

Ilikuwa ya kijivu. Kanisa la kijivu, padre wa kijivu, ziwa la kijivu. Tena ilikuwa imekatwa chini, watu wote hawana miguu, na kila mara ilipanda juu ikarudi. Yule Mholanzi naye alikuwa amesimama mlangoni kabisa, kwa hiyo tulichokiona ni migongo. Wanawake wa kwaya walijipanga wamebeba watoto, mmojammoja wakisogea mbele kwa padre. Halafu tukamwona Lyamba, kijana, mwembamba, mkono umefungwa shingoni kwa kitambaa.

"Mimi yule!" kaka akapiga kelele. "Oneni mkono!"

Pembeni yake mwanamke amembeba mtoto. Ni mrefu, gauni jeupe, kilemba rangi ya majivu. Aliyekuwa mbele yake naye kilemba rangi ya majivu, na wa nyuma yake vilevile. Nikangoja wageuke tuone sura. Walipoanza tu kugeuka, Mholanzi akaisogeza kamera kando, akaanza kupiga picha ziwa.

"Mtu ametoka Ulaya," nikasema, "amekuja kuangalia maji!"

Tukairudisha picha iliyoingia kwenye kompyuta, tukaisimamisha. Hapo ndipo kesi ilipoanza. Marsela alisogea hadi pua ikakaribia skrini. "Ni mimi huyo," akasema. "Mgongo wangu naujua."

"Nani anaujua mgongo wake, mama Machibya?" nikamuuliza.

"Mimi nautambua," Masele akasema. "Huyo ni yeye."

"Baba, ulikuwepo?" Machibya akamuuliza. "Kila mwanamke mrefu ni mama?"

"Usinipandishie sauti!"

"Nyie, nyie, tulieni," Lyamba akaingilia. "Mimi naona kama ni cha kijani."

"Kaka, ni kijivu! Unaonaje kijani kwenye kijivu?"

Waliondoka bila kunywa chai. Skola akabaki amesimama mbele ya kompyuta, anamtazama yule mwanamke asiye na miguu aliyembeba.

"Shangazi," akasema, "ikiwa ni nyekundu?"

Nilimshika mkono tu. Niliogopa, sitaki kudanganya. Mtoto niliyemlea alikuwa amepata mtu anayemchekea kwa mapenzi, na sasa furaha yake yote inategemea kitambaa cha kichwani cha mtu wa zamani.

Skola alipotoka nje nikaichomoa ile kadi, nikaigeuza. Mgongoni ilikuwa imeandikwa waziwazi, NTSC. Kwenye mipangilio nikakuta inakupa uchague Marekani au Japani, basi. Mimi nina hasira za karibu, watu wa stesheni wananijua. Nilimpigia yule bwana wa Kariakoo, sikumsalimia.

"Nilikuambia PAL! Nimekuambia mara ngapi PAL?"

"Mama yangu, si ndiyo nilikutumia?" akajibu, kashangaa kweli. "Ulisema nisikupe hii ya mkononi, unataka ya pale. Nikapanda kiti, nikakushushia ya pale."

Nikafungua ile picha yake ya WhatsApp. Ameshika kadi moja mkononi. Nyingine iko pale, juu ya kabati.

Nilitaka kucheka, lakini nilikuwa nimeshaanza kukasirika, na mimi nikishaanza sipendi kukatishwa. "Hiyo uliyokuwa umeshika mkononi," nikasema taratibu, "imeandikwa nini mgongoni?"

Akaenda kuigeuza. "Imeandikwa PAL, mama. Mimi nilijua ni jina la kampuni."

"Nisomee herufi mojamoja."

"P ya Pangani. A ya Arusha. L ya Lindi."

"Iweke kwenye basi leo hii, baba. Usiiweke chini, usiiweke pale, usiiweke popote. Toka nayo mkononi hivyohivyo hadi stendi."

Nikamweleza kwa nini. Sikukusudia, maneno yalinitoka tu, nikamwambia habari za Skola, na vilemba, na tangazo la tatu. Yule mtu wa maneno mengi akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kadi ile hanidai kitu, na nikishajua rangi nimpigie, maana hatalala vizuri.

Mimi ndiye sikulala vizuri. Kanda ilikuwa imeshapita mara moja. Nilipoifungua kuifuta tena, pamba ilitoka na vumbi la kahawia, na hilo si uchafu, hilo ni picha yenyewe inabanduka. Imebaki mara moja, nilijiambia, na hiyo moja nayo ni ya kuomba.

Basi lilitakiwa kufika Ijumaa. Ijumaa likaharibikia njiani, kabla ya kufika Tabora. Jumamosi asubuhi nilikuwa stendi, nimemweka Machibya na pikipiki yake tayari. Lilipoingia nilimwona kondakta akishuka na bahasha mkononi, kainua juu. "Nani mama wa kadi?" akauliza. "Nimeambiwa nisiiweke chini." Nilimbariki yule bwana wa Kariakoo na ukoo wake wote.

Nyumbani kwangu walikuwa wameshafika wote. Marsela alishika rozari, Masele ameshika fimbo yake ya kuchungia kama yupo machungani. Nikafungua kompyuta, nikaitoa ya NTSC, nikaitia ya PAL. Skola akaja kunishikia tochi ya simu. Kwenye mipangilio nikaiona: PAL. Nikaichagua. Nikaiingiza kanda, nikabonyeza, nikafumba macho.

Nilisikia kwaya kwanza. Halafu nikasikia Marsela akisema, "Yesu wangu."

Nikafumbua. Ziwa lilikuwa la bluu. Nimelizoea ziwa, nimezaliwa kando yake, lakini sijui kama nimewahi kulishukuru kwa kuwa na rangi. Padre alivaa joho jeupe lenye uzi wa dhahabu. Watu walikuwa na miguu, tena wengi peku. Na vilemba! Vilikuwa vimechanganyika kwenye ule mstari, kijani, nyekundu, nyekundu, kijani. Padre akasogea. Mtoto akalia. Mstari ukapiga hatua.

Lyamba akatokea, na mkono wake shingoni.

Hapohapo deki ikatoa mlio ninaoujua, mlio wa kula kanda. Picha ikakunjamana, ikazima. Machibya aliruka kutoka kwenye benchi. Nikachomoa umeme ukutani, nikafungua mdomo wa deki, na utepe ukatoka umejikunja na kukatika, hautarudi tena maishani.

"Imekwisha," Masele akasema.

"Haijaisha," nikamjibu. "Deki ndiyo imekula. Kompyuta ilikuwa imeshakula kabla yake."

Nikairudisha nyuma picha iliyokuwa imeingia. Kijani, nyekundu, nyekundu, kijani. Kaka yangu na mkono wake. Nikaisimamisha hapo, kabla haijakunjamana.

Mwanamke mrefu aliyembeba Skola alikuwa amefunga kilemba cha kijani. Kijani cha majani ya mpunga, hakina ubishi, hata Masele asingeweza kukiita kitu kingine.

Marsela alisimama, akasogea, akaweka kidole kwenye skrini. "Huyu ni Rozalia," akasema taratibu. "Sauti ya kwanza. Alikuwa mrefu kuliko mimi. Marehemu Rozalia." Kidole kikahama nyuma kidogo kwenye mstari, kwa mwanamke wa kilemba chekundu aliyembeba mtoto mwingine, gauni limelowa ubavuni kuanzia kwapani hadi chini. "Na huyu hapa ni mimi. Oneni alivyonikojolea."

Lyamba akaanza kucheka. Machibya akaanza kulia, akajifanya ni vumbi. Masele akaiweka fimbo chini, akauliza kama ile chai ya siku ile bado ipo, na mimi nikakaa palepale sakafuni katikati ya nyaya. Nilijisikia mwepesi, nilijisikia mjinga, nilitaka kumkumbatia hata yule Mholanzi.

Skola alikuwa bado amesimama na tochi yake inawaka. Alikuwa anamtazama mama mkwe wake kama mtu aliyesahau namna ya kukaa.

Marsela akamgeukia, akamtazama muda mrefu.

"Ashukuriwe Mungu," akasema kwa ile sauti yake ya pili, "wewe si mwanangu."

Akafungua mikono.

"Haya, njoo mwanangu."